Nimeuziwa mpira wa maji wa injini ya gari kwa jina la mpira wa boti, injini imechemka katikati ya bahari!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Boti yangu ya mizigo ni ya zamani, injini ya ndani, dizeli, inafanya safari za Kilindoni, kule Mafia, na Nyamisati ya bara. Mipira ya injini, ya kupitisha maji na mafuta, ilikuwa ileile niliyoikuta 2011. Ukiibonyeza migumu kama mti, ukiikunja nyufa zinajitokeza. Nikaona isije ikaniumbua, nikaenda Dar kununua yote mipya.

Muuzaji nilimwambia kabisa: huu ni wa kunyonya maji ya bahari, kutoka kwenye koki ya chini ya boti hadi kwenye pampu ya kupoza injini, nataka wenye waya ndani usije ukabonyea ukinyonywa. Akanijibu, "Huo ni wa boti kaka, ondoa shaka." Akanikatia mita tatu, nikalipa bei ya mpira wa boti.

Wiki ya pili, kusi linavuma, tuko watu wanne katikati ya mkondo, king'ora cha joto kikalia. Eksozi inatoa moshi mtupu, yale maji ya kupoza yanayotoka nao hakuna. Kufungua kifuniko, mpira umelala bapa kama mkanda! Pampu inanyonya, maji hayapiti. Impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu, imekatika mabawa yote. Tumevutwa na wavuvi hadi Kilindoni.

Nikaupasua kwa kisu. Waya hakuna, huo ni mpira wa hita ya gari. Yale maandishi meupe ya kuonyesha ni wa boti nikayapitishia kitambaa chenye dizeli, yakafutika yote.

Nimerudi dukani na kipande mkononi, naambiwa "bidhaa ikishakatwa hairudishwi." Si umeukata wewe mwenyewe mbele yangu?

Na hela si kitu kinachoniuma zaidi. Mpira ule uko chini ya usawa wa maji. Ungepasuka, maji yangejaa ngama, kule chini ndani ya boti, kwa tundu la inchi moja na nusu, na kwa ndoo tusingewahi kuyatoa. Yule anauza vifo vya watu kwa mita!

Wa mafuta niliouchukua hapohapo nao nimeung'oa. Mpira wa mafuta wa boti huwa na chapa kama ISO 7840, kiwango cha mipira inayostahimili moto, huo wangu hauna chochote.

Kesho naenda Tume ya Ushindani na vipande vyote viwili. Mwenye kujua duka Dar au Tanga lenye mpira wa waya wa kweli aniambie, wateja wangu wanasubiri mizigo.