Hivi barua ya kuomba kazi inaweza kunuka dagaa? Yule mkufunzi wa somo la lazima amenikosea sana

Fundi Kabureta

Wakuu mwangaluka. Moderata naomba usiunganishe uzi wangu na zile nyuzi za matokeo. Huu si wa matokeo. Huu ni wa kunuka.

Matokeo ya muhula yamebandikwa leo saa nne asubuhi. Nasoma ufundi wa mashine za boti hapa hapa Mwanza, chuo sikitaji, na huyo mtu simtaji maana mnamjua. Yule wa kalamu nyekundu tatu mfukoni. Yule anayesema "ndugu wanachuo" kabla ya kukohoa na baada ya kukohoa. Umeshamjua, tulia.

Mashine nina A. Kuchomelea B. Michoro B. Stadi za Mawasiliano: SAPU, yaani narudia mtihani. Pungufu ya alama mbili! Somo la lazima, tunalisoma wote, fundi bomba, fundi umeme, mshona nguo, na usipolifaulu huvai joho hata kama unaweza kufufua mashine iliyozama tangu enzi za Mjerumani.

Sapu nimeimeza. Ninachoshindwa kumeza ni kile alichonifanyia na ile barua.

Tulipewa kazi ya kuandika barua ya kuomba kazi, alama kumi za CA, zile za kazi za muhula. Nyumbani luku iliisha, nikaenda kuandikia kwa mama anakouza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kuna taa. Meza hakuna, nikaandikia juu ya gunia. Mwandiko wa heshima kabisa. Anwani zote mbili mahali pake, kichwa cha habari nimekipigia mstari kwa rula niliyoazima kwa mtoto wa jirani.

Kesho yake anarudisha kazi darasani, anafika kwenye yangu. Akaishika kwa vidole viwili kwenye pembe, vile unavyomshika panya mkia. Akaipeleka puani. Mbele ya watu sitini. Akasema:

"Hii barua inanuka dagaa."

Darasa lilicheka mpaka Ukerewe walisikia. Hata mimi nilicheka kidogo, halafu nikaona mwandiko ni wangu.

Hakuishia hapo. "Sasa huyu mwajiri ataisoma, au atamtupia paka?"

Akanipa nne ya kumi. Nimeigeuza ile karatasi mbele na nyuma, hakuna duara, hakuna mstari mwekundu, hakuna hata alama ya kuuliza. Kalamu tatu mfukoni na hakuna kosa hata moja lililoandikwa! Zile sita zimekwenda wapi? Kunuka kumo kwenye mtaala? Leo nimepungukiwa mbili, MBILI, na sita zangu ziko puani kwake.

Na mada ya kwanza kabisa aliyotufundisha ni kusikiliza. Nilipoinua mkono nijieleze akaniambia kaa chini, utatuletea nzi.

Hao dagaa ndio wanaolipa ada yangu. Mwezi ukiwaka wavuvi wa taa hawapati kitu, mama hana mzigo, mimi napanga foleni kwa mhasibu kuomba muda. Giza likiingia nalipa. Ada yangu inafuata mwezi, halafu mtu anaishika kwa vidole viwili.

Vidole viwili wakuu. Povu ruksa.

Kobe wa Nyegezi

Pole mkuu. Swali moja tu: ilikuwa inanuka au hainuki?

Fundi Kabureta

Hiyo si hoja.

Kobe wa Nyegezi

Basi ilikuwa inanuka. Tuendelee.

Sijali wa Igoma

Huyo mtu namjua hahaha. Mimi aliniambia mwandiko wangu unatembea kama mlevi anayetafuta kwao Mabatini. Na mimi kwetu ni Mabatini kweli.

Mama Wawili

Mdogo wangu, pole, amekosea kukudhalilisha mbele ya wenzio. Lakini dada yako niko ofisini huku, barua za kazi napokea mimi. Ya kwako ningeisoma, ila dirisha ningefungua kwanza.

Fundi Kabureta

Dada Mama Wawili na wewe tena!

Binti wa Mchepuo

Sapu ya alama mbili unafungua uzi? Mimi nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nataka kutibu watu, nikabebeshwa hesabu za BAM kwa lazima. Miaka miwili nahangaika na matrisi, figo ya mtu ina matrisi? Juu yake GS, ile General Studies. Na wakati wa kupanga daraja wanahesabu masomo yako matatu tu ya mchepuo, hizo nyingine hazimo. Yaani nililia usiku kwa ajili ya somo ambalo kwenye pointi halipo!

Mzee wa Chaki

GS msiiguse. Ndiyo iliwafanya mkajua nchi inaendeshwaje. Hawa wa mtaala mpya ulioanza 2024 wamewekewa Historia ya Tanzania na Maadili kuwa ya lazima, na ni jambo jema, maana maadili...

Kobe wa Nyegezi

Mzee shikamoo. Hapa tuko kwenye dagaa.

Konda Msomi

Mnacheza nyie. Hesabu kidato cha nne. Nimerudia mara tatu: F, F, F. Kila mwaka naulizwa x ni ngapi, kwani nimeificha mimi? Leo niko mlangoni kwenye daladala, abiria thelathini, huyu katoa elfu kumi, yule ana mia tatu tatu, mwingine anamlipia shangazi yake aliyekaa nyuma, na chenji narudisha kichwani bila kukosea shilingi. Hiyo nayo mngeipa F?

Sijali wa Igoma

Konda wewe ndiye uliyeninyima mia mbili Jumanne?

Konda Msomi

Jumanne nilikuwa mapumziko.

Nondo na Saruji

Nimesomea uhandisi ujenzi chuo kikuu. Mwaka wa kwanza DS, somo la maendeleo, ni lazima. Nikaulizwa Tanzania iko hatua ya ngapi kati ya zile tano za ukuaji wa uchumi za yule mchumi Rostow. Nikajibu ya pili, nikakatwa. Jirani yangu kajibu ya tatu, naye akakatwa. Mpaka leo hatujui tuko wapi, na mimi ndiye najenga kalavati.

Fundi Kabureta

Wakuu turudi kwenye mada. Puani. Mbele ya watu sitini.

Mwana wa Ujiji

Mada iko wazi. Kosa si la mkufunzi wala la barua, kosa ni la dagaa. Angekuwa na dagaa wa Kigoma, barua ingenukia na kazi angepata. Hao wenu mnawaanika mchangani, mtu anakula huku anasikia kokoto.

Mama Wawili

Wewe Ujiji ishia hapo hapo. Ziwa lenu Tanganyika lilipofungwa 2024 miezi mitatu samaki wapumzike, mlikula wa nani? Si hawa hawa wa mchanga?

Mwana wa Ujiji

Tulikula maharage. Kwa heshima.

Kobe wa Nyegezi

Chai hiyo.

Sijali wa Igoma

Mchanga ni mambo ya zamani, siku hizi wanaanika kwenye chanja. Tatizo la mjini ni wale wanaochanganya wa jana na wa wiki iliyopita kwenye gunia moja. Hilo nalo lifunguliwe uzi wake.

Konda Msomi

Na debe limekunjwa tumboni! Unalipa debe unapewa robo tatu. Hapo mnaona umuhimu wa hesabu.

Nondo na Saruji

Kwa hiyo Hesabu ibaki kuwa lazima?

Konda Msomi

Ibaki kwa wauza dagaa.

Fundi Kabureta

Jamani. Sapu ni Jumatatu. Hata mmoja hajaniambia nifanyeje.

Mama Wawili

Andikia mezani, mdogo wangu.

Fundi Kabureta

Haya. Ilinuka kidogo. KIDOGO. Kwenye ile pembe aliyoishika.

Kobe wa Nyegezi

Tulijua. Mama bado ana mzigo? Nina msiba Misungwi wikiendi, nahitaji magunia mawili.

Fundi Kabureta

Giza limeanza juzi, unaingia kesho alfajiri. Wakavu, wa chanja, debe halijakunjwa. Wahi kabla ya saa moja, wanaume wa Kamanga wanabeba wote.

Mwana wa Ujiji

Niwekeeni na mimi debe moja. Lisilo na mchanga.