Ulinganisho: foki au AGit, namna ya kuunganisha, na usajili wa wachangiaji wapya

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, faili letu la maneno ya Kiswahili la kikagua tahajia cha Hunspell limo katika seva yetu wenyewe inayoendesha Forgejo, programu ya kuhifadhi miradi inayofuatilia mabadiliko yake kwa Git, nami nimeombwa nikusanye maoni kabla hatujabadilisha mipangilio. Kinachonisukuma ni jambo moja. Mwalimu aliyeona "tafadali" limepenya kwenye orodha, na ambaye anataka kuongeza herufi moja tu, hulazimika kufungua akaunti, kusubiri uthibitisho, kufoki hazina nzima (yaani kujitengenezea nakala yake ya mradi kwenye seva), kutengeneza tawi la kuwekea mabadiliko yake, ndipo atume ombi la kuunganisha. Wengi huishia njiani, nasi tunapoteza jicho la mtu anayeijua lugha kuliko sisi.

Kuhusu foki naona njia mbili. Ya kwanza ni hii tuliyonayo, inayompa mchangiaji mahali pake pa kujaribia. Ya pili ni AGit, ambayo Forgejo tayari inaikubali: mtu anarekebisha kwenye kompyuta yake, anayasukuma mabadiliko kwa amri ya Git kwenye anwani maalumu ya seva, refs/for/main, pamoja na jina la mada, na seva inafungua ombi bila foki yoyote kuzaliwa. Naegemea ya pili, kwa sababu tumejaza foki zilizotelekezwa ambazo hazikuwahi kusawazishwa na hazina kuu ya mradi.

Mwanachama, Mombasa

Kaka, kuhusu foki zilizotelekezwa nakubaliana nawe, lakini mwalimu uliyemtaja ana simu tu, na AGit inahitaji kuandika amri. Tena, ukiandika upya rekodi zako za mabadiliko (commit), seva itakataa mpaka uongeze chaguo la kulazimisha, na ukikosea jina la mada litafunguliwa ombi jingine kabisa. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, wamelitatua hili vizuri: ukihariri kwenye kivinjari faili usilo na ruhusa nalo, foki hutengenezwa yenyewe na tawi hupewa jina patch-1, wala huhitaji kujua foki ni nini. Tuwaachie AGit waliozoea terminali.

Mwanachama, Nairobi

Kwangu mimi shida kubwa iko kwenye kuunganisha. Tazameni mstari wa kwanza wa faili lenyewe: ni namba, hesabu ya maneno yote. Ombi moja likiongeza neno moja na jingine maneno matatu, yote mawili hugongana kwenye namba hiyo hata kama maneno yenyewe yako mbali kabisa, na yakiongeza idadi sawa hupita kimya huku namba ikiwa si sahihi. Hunspell huichukua namba hiyo kama makadirio tu ya kutengea kumbukumbu. Basi tuwaombe wachangiaji wasiiguse, naye msimamizi aisahihishe tunapotoa toleo.

Kuna waliopendekeza mpangilio wa union katika .gitattributes, faili la mipangilio ya Git, unaohifadhi mistari ya pande zote mbili bila kuuliza. Unafaa kwa orodha, lakini watu wawili wakiandika namba tofauti utabaki na mistari miwili ya namba, na ule wa pili utasomwa kama neno.

Kuhusu kubana rekodi zote ziwe moja wakati wa kuunganisha, naunga mkono kwa masahihisho madogo, kwa kuwa historia inasomeka. Ila mchangiaji akiendelea kwenye tawi lilelile baada ya kubanwa, Git haitambui kwamba rekodi zake za zamani zimekwisha kuingia, na ombi lake la pili huzileta tena zote. Kila ombi na tawi lake jipya.

Mwanachama, Zanzibar

Usajili wa kuthibitisha kwa barua pepe haujazuia akaunti za matangazo, na wa kuidhinishwa na msimamizi unamsubirisha mtu wa kweli. Kuingia kwa akaunti ya GitHub ni salama zaidi, hasa kwa kuwa mwaka 2023 walianza kuwadai wachangiaji wa msimbo uthibitisho wa hatua mbili, lakini mwalimu hana akaunti hiyo.

Kwa nini asitume barua pepe ya kawaida? Sourcehut, huduma nyingine ya kuhifadhi miradi, inapokea viraka (mabadiliko yaliyoandikwa kama maandishi) kwa barua bila mtumaji kuwa na akaunti, na Git yenyewe, aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, ilizaliwa katika utaratibu huo. Ndiyo maana hutenganisha mwandishi wa rekodi na aliyeiingiza. Mmoja wetu anaweza kuingiza sahihisho kwa chaguo la --author, linalomtaja mwandishi, na heshima ikabaki kwa mwalimu.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Dada wa Mombasa, umenishawishi. Foki ibaki kwa wa kivinjari. La namba nitaliandika leo katika mwongozo. Kuhusu barua pepe, kuna jambo linanizuia: --author huandika jina pamoja na anwani, na vyote hubaki hadharani katika historia, katika kila nakala itakayochukuliwa. Ndugu wa Zanzibar, tutamwomba ridhaa mwalimu kabla ya kuingiza, au tutaweka jina lake na anwani ya mradi?