Hilux iliyokuwa gari la doria: milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, rimoti inagoma, taa ya SRS haizimi

Viazi_Uyole

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa yeyote anayezijua gari zilizotumika polisi.

Nimenunua mnadani Hilux dabo kabini iliyokuwa gari la doria, namba za PT, zile za polisi, zilishatolewa na usajili mpya nimekamilisha, sasa ina mwezi na nusu nabebea viazi kutoka Umalila kuja Uyole na Jumapili inabeba familia kwenda kanisani. Injini haina tatizo kabisa. Shida ni mambo ya ndani ambayo yananikosesha amani.

Kwanza milango ya nyuma, yote miwili haifunguki kwa ndani. Juzi tulisimama Mwanjelwa, mimi nimeshuka kulipia magunia na mama watoto kaenda kununua mboga, watoto wawili tukawaacha nyuma, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne, vioo nimepandisha kwa sababu ya manyunyu. Narudi namkuta yule mdogo kashika kile kishikio cha mlango anavuta, kinaenda na kurudi kitupu hakishiki kitu, jasho linamtoka na kioo kizima kimejaa mvuke na alama za viganja vyake. Hakuna aliyeumia lakini usiku ule sikulala, nawaza ingekuwa gari imeshika moto au imeingia korongoni mimi niko mbele nimezimia, nani angewafungulia.

Pili rimoti. Lazima niisogeze mpaka karibu na kitasa ndo ifungue, na siku nyingine haifungui kabisa ila nikiweka ufunguo gari inawaka. Nimepewa ufunguo mmoja tu.

Tatu taa ya SRS kwenye dashibodi, ile ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga), inawaka muda wote. Na honi inalia ikijisikia, vitufe vya sauti ya redio pale kwenye stelingi havifanyi kazi. Redio yenyewe siyo iliyotoka na gari, ilishabadilishwa.

Nne, chini ya dashibodi kuna nyaya nyingi zimekatwa zimefungwa solotepu, swichi ya king'ora bado ipo, juu ya paa kuna matundu manne pale vilipokuwa vimulimuli na eriali ndefu ya simu ya upepo imebaki. Nikiipaki siku tatu nne betri inakufa. Kuna fundi hapa kaniambia nimpe elfu 30 anaizima taa ya SRS siku hiyohiyo. Nimpe?

Rewaya_Mafinga

Kamwene mkuu. Usimpe. Nakuomba sana usimpe. Nafanya rewaya za magari miaka mingi na najua anachotaka kufanya, anachukua waya wa ile taa anauunganisha na taa ya oili au ya chaji, ukiwasha swichi zinawaka pamoja na injini ikikamata zinazima pamoja, wewe unaona imepona kumbe eabegi imelala vilevile. Ile taa kazi yake ni kukwambia ukweli, ikiwa mzima inawaka kama sekunde sita inajipima halafu inazima yenyewe. Ikibaki inawaka maana yake mfumo umeona kasoro na siku ya ajali eabegi inaweza isifumuke. Nimewahi kufungua dashibodi ya gari iliyogongwa nikakuta huo waya umeungwa hivyo, na mwenye gari alikuwa anasafiri kila wiki anaamini ana eabegi. Hilo jambo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Honi, vitufe vya stelingi na eabegi ya dereva vyote umeme wake unapita sehemu moja, kuna tepe ya nyaya imeviringishwa ndani ya kisahani nyuma ya stelingi, sisi tunaiita spairo kebo. Kila ukikata kona ile tepe inajiviringa na kujiviringua. Gari ya doria inakata kona na kugeuza siku nzima, tepe inachoka inakatika baadhi ya njia. Vitu vitatu kuharibika kwa pamoja mimi nashuku hapo kwanza.

Fanya hivi, injini iwe inaunguruma, matairi yanyooke, bonyeza honi. Halafu zungusha stelingi taratibu kushoto mpaka mwisho huku unabonyeza, na kulia hivyohivyo. Kama honi inalia sehemu nyingine na kukata sehemu nyingine basi ni spairo. Kama hailii kabisa popote, tazama fyuzi na rilei kwanza.

Tukuyu_Baridi

Mkuu wa Mafinga kasema vizuri ila niongeze kitu, vitufe vya redio usivihesabu kwenye huo ushahidi. Kasema redio ilibadilishwa, na redio ya kufunga baadaye haiwezi kusikia vitufe vya stelingi mpaka iwe ina uwezo huo na waya wake uungwe. Kwa hiyo hapo vitufe vinaweza kuwa vizima kabisa.

Na honi nayo ina hadithi yake kwenye gari za polisi. Kingora mara nyingi kinaungwa na waya wa honi ili dereva abadilishe mlio kwa kubonyeza honi bila kutoa mikono kwenye stelingi, wakati wa kutoa king'ora anayekata akikata ovyo honi inabaki inaning'inia. Kwa hiyo fuatilia huo waya pia.

Hiyo ya milango ni makusudi mkuu, siyo ubovu. Gari inayobeba watuhumiwa nyuma haitakiwi kufunguka kwa ndani. Hata Marekani zile Ford Crown Victoria za polisi walizoacha kutengeneza 2011 ziliagizwa na vishikio vya nyuma havifanyi kazi, na wengine walikuwa wanaagiza gari nyingi zifunguke kwa ufunguo wa aina moja ili askari yeyote achukue yoyote. Ndo maana gari ya namna hii ikihamia kwa raia lazima uirudishe iwe gari ya familia, haijirudishi yenyewe.

Halafu swichi ya king'ora na chochote cha taa za bluu kilichobaki toa chote. King'ora na zile taa ni za magari ya dharura, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakubana, hata kama hujawahi kukiwasha utapoteza muda mwingi kujieleza pale mizani au Igawa. Na hiyo eriali ya simu ya upepo usidanganywe kufunga mtambo uongee, masafa yanatolewa kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa redio ya kawaida haikufai vizuri pia, zile za VHF zinakatwa kama nusu mita kwa masafa ya karibu megahezi 150, FM ya kwetu ya megahezi 88 mpaka 108 inataka kama sentimita 75. Utashika stesheni zenye minara karibu, ukishuka huku Tukuyu kwenye mabonde inakoroma tu.

Sekela_wa_Soweto

Kaka pole na mtoto, hiyo picha ya viganja kwenye kioo imeniingia.

Mimi nataka niseme la ufunguo kwa sababu naona wote mmelipita. Umepewa ufunguo mmoja. Je zingine ziko wapi? Sisi tulinunua gari iliyokuwa ya ofisi fulani, tukapewa mmoja tukafurahi, mwezi wa tatu asubuhi tunaamka gari ipo, kioo kizima, mlango mzima, ila kilichokuwa ndani chote hakipo hadi jeki. Hakuna aliyevunja, alifungua. Gari ya matumizi ya wengi madereva wanabadilishana, huyu anachonga wa akiba, yule anaondoka nao mfukoni, wala si lazima awe na nia mbaya, lakini ufunguo unazunguka mtaani na wewe hujui.

Kwa hiyo nenda kwa mtu mwenye mashine ya funguo, siyo wa kuchonga tu, afute funguo zote kwenye kumbukumbu ya gari halafu asajili upya huo wako na mwingine wa pili. Kwenye rimoti afanye hivyohivyo. Baada ya hapo ule wa mtaani kama gari ina imobilaiza, yaani kinga inayokataa ufunguo usiosajiliwa, hautawasha injini, ila kumbuka mdomo wa chuma bado utafungua mlango, sisi tulibadilisha na kitasa cha dereva.

Na ndo maana gari yako inawaka hata rimoti ikiwa imekufa, ile chipu ya imobilaiza ndani ya ufunguo haitumii betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la swichi. Betri ni ya kufungua milango tu. Fungua kichwa cha ufunguo soma namba ya betri. Ukikuta CR2032 hiyo 20 ni upana wa milimita 20 na 32 ni unene wa milimita 3.2. Iko CR2016 upana sawa ila unene nusu yake, wengi wanauziwa hiyo wanaichomeka pale pa 2032 inacheza haigusi vizuri. Inayotakiwa imeandikwa ndani ya kisanduku chenyewe.

Viazi_Uyole

Ndaga fijo wote, Mungu awabariki. Nimerudi na majibu.

Betri ya rimoti ni kama dada Sekela alivyosema, ndani imeandikwa 2032, iliyokuwepo ni 2016 na mtu alikuwa amekunja kikaratasi cha sigara kuijazia. Nimeweka sahihi, sasa nafungua nikiwa ng'ambo ya barabara. Wa kufuta funguo nimempata Kabwe, kesho naenda.

Milango: nilifungua nikatazama ule upande wa chuma wa mlango, kuna kijiti kidogo cha loki ya watoto, wa kushoto nilikisukuma ukafunguka. Wa kulia kijiti kilikuwa sawa ila bado hautaki, tukatoa kava ya mlango tukakuta kile kifito kinachotoka kwenye kishikio kimechomolewa kimefungwa na waya pembeni. Tumekirudisha. Nimekaa nyuma mwenyewe nikajifungia nikajaribu mara kumi kumi kila upande.

Honi: matairi yakinyooka inalia, kulia inalia mpaka mwisho, kushoto ikipita mzunguko mmoja kimya kabisa. Waya wa honi nilioukuta umeguswa ulikuwa umeungwa vizuri. Na waliopima kwa mashine wameniambia kasoro iko kwenye saketi ya eabegi ya dereva.

Swali, milango ya nyuma sasa niache yote wazi? Maana yule mdogo ni mtundu.

Rewaya_Mafinga

Basi ni spairo, hapo hakuna mjadala. Aliyepima kakuonyesha njia nzuri sana.

Fundi akibadilisha msimamie. Kabla ya kugusa chochote atoe tamino ya hasi ya betri na asubiri angalau sekunde 90, usimruhusu aanze mara moja eti ana haraka, kuna umeme unabaki kwenye kompyuta ya eabegi unaoweza kuifumua usoni kwake. Nyaya za eabegi kwenye Toyota zina soketi za njano, hizo asiweke mita ya ohmu kwenye eabegi yenyewe. Eabegi ikitoka ailaze sehemu safi upande wa mbele ukiangalia juu. Matairi yanyooke, na spairo mpya isiingizwe ikiwa imekaa popote, aizungushe taratibu mpaka ikaze, airudishe mpaka alama zikutane, kwenye Toyota nyingi ni kama mizunguko miwili na nusu. Akiifunga bila kuisentia, siku utakapokata kona kali itakatika tena. Usichukue iliyotolewa kwenye gari iliyofumua eabegi.

Betri inayokufa: zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa gari ilale, ndo aweke mita kati ya tamino ya hasi na waya wake. Inatakiwa isizidi kama miliampia 50. Ukikuta miliampia 400, hiyo kwa siku moja inakula karibu ampia-saa 10, betri ya 70 siku nne haikupigii stata, hasa na baridi ya mwezi wa saba ya huko Mbeya. Halafu achomoe fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mimi natarajia ni waya wa king'ora au wa simu ya upepo uliochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, ufuate mpaka betri uutoe huko huko, siyo kuukata chini ya dashibodi na kuuviringishia solotepu. Solotepu ikipata joto inafumuka na hapo ndo moto wa gari unapoanzia.

Sekela_wa_Soweto

La milango mimi kwetu tumefanya hivi, wa kulia nimeweka loki ya watoto, wa kushoto nimeuacha unafunguka. Tunaendesha kushoto, mlango wa kulia unafungukia kwenye magari yanayopita, mtoto akishukia huko ni kifo. Wa kushoto unafungukia pembeni. Mdogo akae kulia na mkanda, huyo wa miaka tisa akae kushoto na umfundishe kabisa kwamba likitokea jambo yeye ndo anafungua na anamvuta mwenzie. Na ile swichi ya kufunga vioo vya nyuma pale kwenye mlango wako hakikisha haijabonyezwa.

Viazi_Uyole

Nimeelewa dada, nafanya hivyo leo. Spairo imefungwa jana, amesubiri muda nikiwa naangalia saa, taa imewaka sekunde chache ikazima na honi inalia pande zote. Kilichokula betri ni kweli waya mwekundu mnene umetoka kwenye betri umepita chini ya kapeti mpaka nyuma ya kiti, ulikuwa hauna hata fyuzi. Tumeutoa wote na swichi ya king'ora nayo.

Yamebaki matundu ya paa tu, mvua ikija maji yanadondokea pale katikati ya viti.

Rewaya_Mafinga

Hayo usiweke solotepu wala bulutaki. Kwangua kutu pembeni ya tundu mpaka uone chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu iachie siku nzima ikauke, halafu chomeka raba za kuziba matundu ya bodi, zinauzwa maduka ya spea kwa ukubwa, na silikoni ya gari kuzunguka kwa juu. Eriali ukiitoa tundu lake ni pana zaidi, pima kwanza kabla ya kwenda dukani. Na ukifungua dari kwa ndani hakikisha hakuna waya wa vimulimuli uliobaki una moto.