Je, ni haki mbwa kutibiwa saratani kwa dawa za binadamu?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila nikiligusa kwenye kikao cha familia watu wanaishia kununiana.

Mbwa wangu Bobi ana miaka minne. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, nikawa nakuta matone ya damu kibarazani kila asubuhi, madogo, utadhani mtu kajikata kidole akapita. Aliyekuwa akimhudumia akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa antibiotiki, zikaisha. Akapewa nyingine, zikaisha, na damu iko palepale. Mwezi wa tatu nikampeleka kwa daktari mwingine. Huyu alivaa glavu, akalirudisha govi nyuma, na hapo nikaona kwa macho yangu: nyama nyekundu imeota pale, imechanua kama koliflawa, ukiigusa tu inavuja damu. Akaigandamizia kipande cha kioo, akakipaka rangi, akakiweka kwenye hadubini, kisha akaniita nichungulie. Niliona seli za mviringo zimejazana, na ndani yake vitundu vyeupe vimejipanga kama shanga. Tukapata jibu siku ileile: saratani ya kuambukizana, ile mbwa wanayopeana wakipandana, kulambana au kunusana. Seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana mitaa yenye mbwa wengi wanaozurura haikosi ugonjwa huu.

Dawa yake ni vinkristini, mojawapo ya zile dawa za saratani za binadamu ziitwazo kemo, sindano moja ya mshipani kila wiki. Baada ya sindano ya pili matone yalikata. Baada ya ya tano daktari hakukuta kitu. Gharama yote ilikuwa kama nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Tatizo likaja nilipomsimulia kaka yangu. Aliniuliza: "Watu wanauza mashamba huko mikoani wafuate mionzi Dar, wewe unamchoma mbwa kemo?" Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake limekaa kifuani mwangu hadi leo.

Msimamo wangu ni huu. Saratani ya mbwa au paka ambayo dawa inaiponya kabisa, tena kwa wiki chache, itibiwe, na mwenye mnyama asionekane mtu wa anasa. Ile ambayo haiponi, mnyama apewe dawa ya maumivu, na siku yake ikifika apumzishwe kwa sindano na daktari, asifungwe nyuma ya nyumba hadi aoze akiwa hai. Hilo la kumfunga hadi aoze tunalifanya sana mitaani kwetu, na linaniuma kuliko hilo la fedha.

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Muuguzi wa watoto, Mwanza

Ndugu mleta mada, pole kwa mbwa wako, na nafurahi kapona. Ila mimi nakupinga.

Dawa hiyohiyo tunawachoma watoto wenye saratani ya damu, na wale wenye uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Mtoto anakuja shavu limejaa, jicho limesukumwa nje, meno yanalegea. Ukimwanzishia dawa mapema, ndani ya siku chache unaona uso wa mtoto unarudi. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitalisahau. Sasa nikifikiria chupa ya dawa ile inaingia kwenye mshipa wa mbwa, mwenzenu nashindwa. Mwaka 2019 hata Marekani walipungukiwa vinkristini, pale kampuni moja kati ya mbili zilizokuwa zikiwauzia ilipoacha kuitengeneza. Ikiwa wao walihaha, sisi tuna uhakika gani?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Dada muuguzi, hofu yako ni ya haki, lakini tuiangalie kwa vipimo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takriban nusu miligramu kwa wiki, na chupa ndogo ina miligramu moja. Mimi nawapangia mbwa wawili siku moja ili chupa isimwagwe. Dawa nanunua kwenye duka la dawa kwa risiti. Siombi wodini, na atakayekuletea mpango wa kuitoa wodini mripoti.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kingine. Watu wamesikia kuwa sindano hii inaponya, sasa yeyote mwenye bomba na sindano anajaribu. Ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mguu inaoza. Nimewahi kuletewa mbwa ambaye mfupa ulikuwa unaonekana. Tena mkojo na kinyesi cha mbwa aliyechomwa dawa hii havishikwi mikono mitupu kwa siku kadhaa, na mjamzito asihusike kabisa. Hayo ndiyo yanayotaka daktari.

Kuhusu saratani nyingine, niwaambie ukweli kama ninavyowaambia wateja. Ya tezi za limfu kwa mbwa inatibiwa kwa dawa nne zinazopishana kwa miezi mitano au sita. Mbwa wengi tezi zinanywea na wanakula vizuri, lakini ugonjwa hurudi, na wengi hupata kama mwaka mmoja. Bila dawa ni wiki chache. Ya mfupa, ukikata mguu peke yake umemwondolea maumivu, ila kwa kawaida ni miezi minne au mitano, kwa kuwa imeshafika mapafuni. Hiyo mimi siianzishii kemo hapa. Uvimbe wa matiti kwa mbwa jike tungeuzuia kwa sehemu kubwa kwa kumtoa ovari na kizazi mapema, kabla ya joto lake la kwanza. Kwa paka usisubiri hata kidogo, maana uvimbe wa titi la paka mara nyingi sana ni saratani kweli.

Mama wa paka, Lamu

Nami nina la kusema, kwani huku kwetu paka ni wa mji mzima. Paka wangu mweupe alianza kutoka magaga kwenye ncha za masikio. Nikadhani ni ugomvi wa usiku na wenziwe. Nikampaka mafuta ya nazi, magaga yakidondoka, chini pana kidonda, kisha yanarudi. Daktari alipomuona akaniambia ni jua: paka mweupe hana rangi ya kumkinga masikioni na puani, na jua la miaka mingi huzaa saratani. Akayakata masikio yote mawili. Kila apitaye barazani alisikitika. Sasa ni mwaka wa tatu, yuko pale dirishani amelala, na saa za jua kali namfungia ndani.

Hakupewa dawa ya mtu yeyote, alikatwa tu. Basi msiseme "saratani ya wanyama" mkadhani zote ni za kemo.

Mkenya, Denver

Mimi nimeipitia hiyo ya tezi za limfu na mbwa wangu, na huku Marekani niliko kuna madaktari ambao kazi yao ni saratani za wanyama tu. Nilimpeleka Fort Collins, Chuo Kikuu cha Colorado State, chenye kituo kizima cha kazi hiyo. Walinieleza kila kitu kabla sijatia sahihi, hata namba ya kupiga usiku wa manane akitapika. Nilipata miezi kumi na moja. Tisa ilikuwa mizuri kweli, alikuwa akikimbilia theluji kama mtoto. Miwili ya mwisho niliivuta mimi, kwa sababu sikuwa tayari. Hiyo miwili ndiyo ninayoijutia. Pesa siijutii.

Na dada muuguzi, fahamu pia kwamba njia inakwenda pande zote mbili. Upasuaji wa kutoa mfupa wenye saratani bila kukata mguu ulifanyiwa kazi sana kwa mbwa pale, na madaktari wa watu wakajifunza kwao.

Mchangiaji, Ifakara

Sisi huku hatujafika kwenye saratani. Chanjeni mbwa kwanza. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kichaa cha mbwa kinakatika, na miongoni mwa wanaokufa nacho watoto wa vijijini ni wengi.

Mleta mada

Ifakara, nakubali bila ubishi. Bobi ana kadi yake ya chanjo, na ningeona aibu kuleta mada hii kama hana.

Dada muuguzi, nimesoma maneno yako mara tatu. Ile habari ya uso wa mtoto unaorudi nimemsomea mke wangu kwa sauti. Sitaki kushindana nawe. Nimempigia daktari wangu leo mchana nikamuuliza dawa ya Bobi ilinunuliwa wapi, naye kanitumia picha ya risiti ya duka la dawa. Swali hilo nilipaswa kuliuliza kabla ya sindano ya kwanza. Jirani yangu ana jike anayetoka damu vilevile, tutampeleka Jumamosi, na risiti nitaiomba kabla hajashikwa mguu.