Hela ya maji ya karani inashusha daraja la korosho za kijiji kizima

Ndugu wanajamvi,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita nilimsindikiza mama yangu kupeleka magunia manne ya korosho kwenye ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku wilayani Tandahimba. Alikuwa amezianika siku tatu juani, akazichambua kwa mkono na kutupa kila iliyooza. Karani alitumbukiza mkono kwenye gunia la kwanza, akatikisa kichwa, akasema, "Bibi, hizi bado mbichi, kaanike tena." Kipima unyevu kilikuwa mezani mbele yake na hakukigusa. Aliyetufuatia alisogeza daftari lenye noti ya shilingi 10,000 ndani yake, na magunia yake tisa yakapimwa uzito bila kufunguliwa hata moja. Moja lilipasuka wakati wa kuburutwa, nami nikaziona kwa macho yangu korosho zilizomwagika: changa, zenye madoa meusi.

Wanaosema hiyo ni hela ya maji tu hawafuatilii mzigo unakokwenda. Korosho za wanachama huunganishwa na kupelekwa ghala kuu, na huko ubora ukionekana umeshuka, mzigo mzima unaingia mnadani kama daraja la pili, kwa hiyo bei inayopungua inamwangukia hata yule aliyechambua moja moja. Noti ile ilitolewa na mtu mmoja, lakini tunailipa wote.

Jioni ile ile mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi, alibisha hodi kwa mama, akijua kwamba magunia yamerudi na kwamba ndani hamna hela ya unga. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kukabidhi mzigo ghalani, kupewa stakabadhi na mzigo kuuzwa mnadani, uliletwa kwetu Mtwara mwaka 2007 ili mkulima asinyonywe na walanguzi wa namna hiyo, na sasa rushwa ya ghalani ndiyo inayompeleka mkulima mikononi mwao.

Najua mtaniambia kwamba asiyetoa hulala nje na mzigo wake. Ni kweli, akiwa peke yake. Ndiyo maana nawaomba twende kwa makundi, tudai kipimo kifanyike mbele yetu, na karani anayekataa mzigo aandike sababu na kutia sahihi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni ya bure. Isitoshe, chama ni chetu: viongozi wake tunawachagua sisi, na mkutano mkuu una mamlaka ya kuwahoji na kuwaondoa.

Mama hakumuuzia mtu wa kangomba. Jumamosi tunayarudisha magunia yale yale manne, tukiwa na majirani sita wenye mizigo yao, na hatutaondoka ghalani mpaka kipima unyevu kitumike.