bytearray, array, NumPy au struct: kwenye Python, data za mita nizishike kwa kipi?

Fundi_Rongai
Wakuu, habari za jioni. Nina mita ya stima inayoongea Modbus RTU (lugha ya mitambo ya kutumiana baiti) kwenye ploti moja ya kupangisha, nimeiunga na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Kila sekunde naiuliza, inanijibu hivi:

01 03 04 09 29 00 64, halafu baiti mbili za CRC, za kukagua makosa.

Natafuta kitu kimoja ambacho naweza kukikata na kutafuta ndani yake kama string, na hapohapo nikisome kama safu ya namba. Nilijaribu array ya aina 'H' (namba za biti 16), ikaniambia nyumba ina volti 1050.5. Taa zinawaka kawaida, friji inanguruma. Nishike kipi?

kijana_umoja
NumPy, maktaba ya safu za namba. Kwisha.

MamaKodi
Fundi, mita haijakosea. 09 29 ni 2345, ukigawanya kwa kumi ni volti 234.5. Modbus hutanguliza baiti kubwa, Pi yako hutanguliza ndogo, ndiyo maana array ilisoma 29 09, ambayo ni 10505. Ukimaliza frombytes (kuingiza baiti kwenye array), ita byteswap() na mambo yatakaa sawa. Ila usigeuze fremu nzima, yaani jibu lote! CRC yenyewe hutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo ndani ya jibu moja kuna mitindo miwili. Kata [3:-2] kwanza.

Kwa kupokea, mimi ni bytearray tu. Ina find, startswith na split kama string, na bado buf[0] inakupa namba 1. Hapo ndipo wengi hujikwaa: buf[0] == b'\x01' haiwi kweli hata siku moja, kwa sababu kushoto ni namba na kulia ni baiti. Andika buf[0:1].

Mzee_wa_Perl
Mnazungukazunguka tu. Kwenye Perl string ni string, na vec($d, 0, 16) huisoma biti 16 kwa kutanguliza baiti kubwa kwenye mashine yoyote ile. Kata kichwa kwa substr, unapata 2345 bila kugeuza chochote. Ukiandika vec($d, 0, 16) = 2400, string yenyewe inabadilika palepale. Hicho ndicho kitu anachouliza.

kijana_umoja
Mzee, heshima yako, lakini ukiondoka nani ataisoma hiyo programu? Fundi, chukua np.frombuffer(buf, dtype='>u2', count=2, offset=3). Hainakili chochote, inaangalia kumbukumbu ileile.

usiku_embakasi
"Inaangalia kumbukumbu ileile" ndiyo ilinikesha hadi saa nane usiku. Nilikuwa na safu ya NumPy juu ya bytearray, nikaandika del buf[:9] nifute fremu iliyokwisha kusomwa. BufferError! Ukishaiazimisha bytearray kwa NumPy au memoryview (dirisha la Python la kuangalia baiti bila kunakili), hairefuki wala haifupiki hadi mwazimaji aachilie. Na ukianzia kwenye bytes badala ya bytearray, safu unayopata ni ya kusoma tu. Memoryview nayo, cast yake (kusoma baiti kama namba za aina nyingine) hufuata mpangilio wa mashine peke yake, kwa hiyo kwako itarudisha zile 1050.5.

MamaKodi
Kweli kabisa. Na kwa namba mbili, NumPy ni kukodi lori kubeba sukuma wiki. struct, moduli ya Python ya kufungua baiti kuwa namba, inatosha: struct.unpack_from('>2H', buf, 3).

Array iweke kwa historia ya vipimo. Sekunde za siku ni 86,400. Kwenye array ya 'H' hizo ni baiti 172,800. Kwenye list ya kawaida, kila namba ya ukubwa huo hula baiti 28, na 8 za kielekezi: zaidi ya milioni 3. Pi ndogo itaanza kulalamika ukiweka wiki kadhaa. Epuka aina ya 'L' lakini. Kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8, kwenye Windows ni 4, na faili ulilohifadhi huku halisomeki kule.

Fundi_Rongai
Asante dada. Nimefanya bytearray ya kupokea, struct ya kusoma, array ya kuhifadhi. 234.5! Mzee, vec nimeijaribu pia, imetoa jibu lilelile. Sasa jumla ya nishati ni float (namba yenye desimali), na inaniletea takataka tupu.

Mzee_wa_Perl
Float ya biti 32 hukaa kwenye rejesta mbili (visanduku vya Modbus vya biti 16), na kila kiwanda kina yake kuhusu ipi itangulie. Badilisha nafasi za rejesta, baiti za ndani usiziguse.

Fundi_Rongai
4,118 na pointi kidogo. Nimeshuka ngazi kuangalia kioo cha mita, kinasema hivyohivyo.