Faili zangu mwenyewe zinaninyima ruhusa

Swali:
Wakuu, msaada. Nimehamisha folda ya Picha kutoka diski ya zamani kuja Linux mpya. Picha zinafunguka, ila nikihariri na kuhifadhi naambiwa sina ruhusa. Nikiandika ls -l, penye jina la mwenye faili pameandikwa 1001. Huyo ni nani? Kwa hasira nikajaribu chmod 777 (kumpa kila mtu ruhusa zote), nayo ikagoma.

Jibu:
Huyo 1001 ni wewe wa zamani. Linux hutunza namba ya mwenye faili, jina halimo. Andika id -u uone namba yako ya sasa, kisha jimilikishe folda:
sudo chown -R $(id -un): Picha
Angalia sana unachoandika mwishoni. Ukiacha / peke yake, yaani mfumo mzima, utalia.

Jibu:
777 iligoma kwa sababu ruhusa hubadilishwa na mwenye faili au root (msimamizi mkuu wa mfumo) tu. Shukuru.

Muulizaji:
Imekubali! Lakini nikapiga chmod -R 644 (mwenyewe asome na kuandika, wengine wasome tu), sasa folda hainiingizi hata mimi.

Jibu:
Haya mikono hiyo! Folda bila x, yaani ruhusa ya kuingia, haiingiliki. Andika chmod -R u+rwX Picha. X iwe kubwa: inazipa folda x, picha inaziacha.